Bomba Lililopita Juu Yako

Kwa Mama Mwangi, mke wangu niliyepewa mbele ya madhabahu,

Nakusalimu kwa heshima ileile niliyokusalimu nayo siku ya kwanza, nikiwa nimevua kofia. Mimi ni mzima, ila magoti. Niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Wiki saba zimepita tangu jambo hili litendeke, na kila nilipoketi na kalamu niliona afadhali nianze na habari za mvua. Hata sasa natamani kuanza na habari za mvua.

Mwangi wetu anajenga. Nyuma ya kiwanja hapa Uthiru, ulipokuwa ukipanda sukuma, sasa pana kuta za vyumba vinane, na siku ninayotaka kuieleza walikuwa wanamwaga slabu ya juu. Unakijua kiwanja chetu. Majirani wamejenga hadi ukingoni pande zote mbili, na kati ya nyumba yetu na ule ujenzi kuna ujia mmoja tu. Katika ujia huo umelala wewe.

Zamani zege ingepita kichwani. Watu wangejipanga mstari, karai kwa karai, nao wangekuzunguka, maana mtu mwenye miguu huukwepa msalaba. Mwangi alisema watu wa karai ni wa polepole, akakodi pampu ndogo ya zege kutoka mjini. Mashine ilisimama barabarani. Mabomba ya chuma yakaunganishwa moja baada ya jingine, yakapita kando ya jiko, yakafika kwako. Fundi mkuu, kijana mwenye adabu, alinijia akauliza, "Mzee wangu, njia ni hii tu. Tulaze bomba hapa juu ya mama?"

Nilimjibu, "Bila taabu yoyote, tafadhali."

Naomba usome tena. Si Mwangi aliyesema. Ni mimi.

Nami nilikuwa nimekuahidi. Mwezi wako wa mwisho, katika chumba cha mbele, ulinishika mkono wa shati ukasema, "Nikifa usinimwagie simiti juu. Nimeibeba ya kutosha." Miaka kumi na minane ulipandisha zege ya nyumba za Lavington kwenye ngazi za mbao, ngata kichwani na karai juu ya ngata, ili mshahara wangu wa ualimu usituaibishe. Utosini palitoka upara mdogo wa mviringo, ukaufunika kwa kitambaa hata kitandani. Nami, Mungu anisamehe, kanisani niliwaambia watu kwamba mke wangu huuza nguo mjini. Ulikuwa umeketi kando yangu. Hukunisahihisha.

Nilikuahidi udongo, na yale maua meupe ya nyinyoro uliyomwomba mtunza bustani wa Lavington ukayaleta nyumbani ndani ya karai. Yalikuwa yameshika vizuri juu yako.

Kama saa tano bomba liliziba. Walilifuata wakiligonga kwa nyundo na kusikiliza, na mahali lilipoziba palikuwa pale pale juu yako. Walipofungua kiungo, zege ilitoka kwa nguvu ikayalaza maua yote kwa mara moja. Fundi akanigeukia. "Mzee, hii imebaki lazima itoke saa hii. Ikishikia ndani, bomba imekufa. Tumwage wapi?"

Nilikuwa nimeshika thamosi yako, nawamiminia vibarua chai. Niliwaza kwamba barabara ingechafuka, na jirani angekasirika. Nikasema, "Popote panapowafaa."

Waliimwaga yote. Kisha waliuona msalaba, wakaona haya, wakafanya lile jambo linaloninyima usingizi: walikusawazisha. Fundi alipiga magoti akapitisha mwiko, akanyoosha kingo kwa ubao, mpaka uso ukang'aa kama sakafu ya benki. "Tumemjengea mama," alisema. "Hii hatulipishi."

Nilimshukuru. Nilimpa mkono.

Mwangi anasema pamekuwa safi, hakuna matope tena. Wiki iliyofuata mpangaji wetu wa chumba cha mbele aliegesha pikipiki yake hapo, akaniita babu, akauliza, "Guka, si hapa niko sawa?" Nikamwambia yuko sawa.

Ndipo akaja Nekesa wa Kangemi, yule wa mstari wenu, yeye ngazi ya chini na wewe ya juu. Aliangalia kwa muda mrefu, akakataa kiti. "Mwalimu," alisema, "wewe hata ukinyonga mtu utamwuliza kama kamba inamfinya." Nilimwomba radhi. "Usiniombe mimi. Mimi sijafunikwa."

Tangu siku hiyo mimi huketi juu ya kigoda kila alasiri na nyundo na patasi. Zege yao ni nzuri, kwa bahati mbaya. Mwangi alinitaka niache, kwa kuwa kelele zinawasumbua wapangaji. Nilimwambia hapana. Mwenye pikipiki naye nilimwambia hapana. Ni neno fupi, Mama Mwangi. Nimeshangaa jinsi lilivyo fupi. Lingetosha siku ile.

Nimepata tundu la kuingia kikombe, na chini yake udongo wako, mkavu kabisa. Mikono imevimba, sitaimaliza yote, na sitakudanganya mara ya pili. Ninaloweza kukuahidi nimeliandika na kumkabidhi Mwangi mbele ya mchungaji: siku yangu ikifika, nilazwe kando yako, nami nimwagiwe zege, unene uleule, bila ua hata moja. Hiyo nitaibeba mimi. Tundu lako lisizibwe.

Kwaheri, mke wangu. Anayekuletea barua hii ni Nekesa. Ndiye aliyekupokeza kila karai. Safari hii atakupokeza karatasi kupitia tundu lile. Nilimshukuru kwa usumbufu wake. Alisema, "Sikubebei wewe. Nampelekea yeye," na chai yangu hakuinywa.