Risiti ya Mwezi Uliopita

Dada yangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nifikishie shikamoo nyingine kwa mama, na umuulize goti limeamkaje, maana kwa baridi ya miezi hii najua halimpi usingizi. Shemeji na watoto nao wasalimie. Mimi nipo. Mwili unakwenda kazini na kurudi, nakula, mgongo unauma kama kawaida yake, na mikono imepasuka kwa saruji mpaka kalamu hii naishika kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Mwandiko ukikushinda usinicheke. Darasa la sita nililiacha mwenyewe, na aliyelia siku ile ulikuwa wewe, si mimi.

Mtu aliyekukabidhi barua hii ni mpaka rangi wa hapa kazini kwetu. Ni mtu mwema, ila anapenda kusimulia safari zake, basi mvumilieni. Amekuja na pikipiki ya marehemu mdogo wetu. Anakwenda kwao, na kwetu ni njiani kwake. Mpeni maji ya kuoga na pa kulala, asubuhi apande gari aendelee. Nimemwambia ufunguo ampe shemeji, mjane wa marehemu, mkononi, si mtu mwingine. Kadi ya pikipiki iko ndani ya bahasha hii. Breki ya nyuma nimebadilisha. Taa ya mbele kioo kimepasuka lakini inawaka.

Najua swali lako la kwanza. Umeshaniuliza mara tatu kwa simu kwa nini siji nyumbani, na kwa nini pikipiki imekaa mjini miezi mitano wakati shemeji ameshapata mtu wa kuiendesha kwa mkataba ili watoto wapate chochote. Mara ya mwisho ukaniambia watu wameanza kusema nimeiuza. Nikakata, kisha nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwepo, dada. Ila simu ya nyumbani mnaiweka mezani na sauti juu, kila mtu anasikiliza, hadi jirani aliyekuja kuomba chumvi, na jambo nililonalo haliwezi kusemwa mbele ya mtu aliyeshika kibakuli. Ndiyo maana nimeandika. Ukimaliza kusoma, wewe ndiye utakayesema kama nije nyumbani au nisije.

Unajua mimi na mdogo wetu tulivyokuwa tunaishi hapa. Chumba kimoja, kitanda kimoja, yeye kichwa huku, mimi kichwa kule, na kila asubuhi ananilaumu kwamba miguu yangu imemwotesha ndoto mbaya. Kazini walimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyekijua kitufe cha kumzimia. Alikuwa anaongea akiwa amebeba karai la zege kichwani, anaongea akinywa maji. Nyapara alikuwa akiuliza kama huyu umeme wake haukatiki hata Jumapili. Lakini nyapara huyohuyo ndiye aliyempandisha kwenda kufanya kazi juu, ambako malipo ni mazuri zaidi, akaniacha mimi chini kwenye mashine ya kuchanganyia zege. Mimi kaka mtu. Nilisema nimefurahi, na alinishukuru kwa kufurahi.

Kazini kwetu hapana pa kuweka hata baiskeli. Mchanga, kokoto na nondo vimejaa mpaka getini. Wenye pikipiki wote tunapaki mtaa wa nyuma, mbele ya maduka ya vifaa vya umeme, ambako pamechorwa mistari myeupe na kila pikipiki ina kinafasi chake kama vitanda vya wodini. Ushuru ni wa kutwa. Anayekusanya ni mama mmoja mwenye koti la kijani na kitabu cha risiti, tunamwita Mama Risiti. Yeye anafika saa mbili, sisi tunafika saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo ilikuwa lazima mmoja wetu atoke saa mbili kwenda kulipa, na kwa kuwa mtu wa juu hashuki ovyo, kazi hiyo ikawa yangu. Kila asubuhi tukishafunga pikipiki, mdogo wetu alinimiminia sarafu kiganjani akisema maneno yaleyale, kwamba huo ndio mshahara wa pikipiki, nisije nikaunywea chai. Alikuwa anatania tu. Nikilipa, risiti naibana chini ya mpira tuliouzungusha kwenye tangi, ionekane. Pikipiki isiyo na risiti inapakiwa kwenye gari la halmashauri ya mji na kupelekwa kwenye uwanja wao, na kuitoa huko ni shughuli.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Tuliwaambia aliteleza. Ni kweli aliteleza, hapo sikusema uongo. Ila hakuna aliyeuliza alikuwa anakimbilia wapi, na mimi sikusema.

Ilikuwa siku ya kumwaga zege ghorofa ya tatu. Siku hiyo watu wanajipanga mstari kuanzia mashine mpaka juu, makarai yanapita mkono kwa mkono, na hakuna ruhusa ya kutoka, kwa sababu zege likikaukia njiani ni hasara. Mimi tu ndiye niliyepewa dakika zangu tano saa mbili. Nilikwenda, nikarudi. Redio aliniuliza kutoka juu, kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima, kama mtoto amekula. Mtoto ni pikipiki. Nikamjibu ameshiba. Watu wakacheka, makarai yakaendelea.

Kwenye saa nne, mlinzi wa duka moja la nyuma akaja getini akapiga kelele kwamba gari la halmashauri liko pale na wanabeba. Wenye pikipiki wakaanza kuulizana. Mdogo wetu yeye hakushtuka. Aliniita tena, akaniuliza kama kweli nililipa. Nilikuwa nimeshika koleo. Nikasema nimelipa. Basi akasema kama ni hivyo sisi hatuna shida, akapokea karai lililofuata. Lakini kule juu ukisogea pembeni unauona ule mtaa, na aliposogea akaiona pikipiki yetu imeshikwa huku na huku, inapandishwa.

Dada, aliliweka karai chini akakimbia. Nyapara alimfokea arudi kwenye mstari, hakurudi. Alishuka kwa ile njia ya mbao tunayopandishia zege, na mbao zilikuwa zimelowa uji wa saruji. Nilimsikia tangu anaanza kushuka. Alikuwa anapiga kelele wamsubiri, anasema hiyo imelipiwa, kaka yangu amelipa, kaka yangu amelipa. Aliyasema mara tatu au nne. Mara ya mwisho hakulimaliza neno. Aliangukia upande wa nondo. Nilifika kwake nikiwa bado na koleo mkononi, na gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana alikuwa ameshakata roho.

Sikuwa nimelipa.

Nilikuwa sijalipa kwa zaidi ya wiki mbili. Risiti za hapa hazina jina wala namba ya pikipiki, zina muhuri wa tarehe tu, na muhuri wenyewe wino umekauka. Siku moja nilisahau kuitoa ya jana, nikaona Mama Risiti amepita, ameangalia karatasi ya buluu, amekwenda zake. Kesho yake nikajaribu kwa makusudi. Ikawa hivyo kila siku. Natoka saa mbili, nasimama nyuma ya ukuta kidogo, naibana karatasi ileile chini ya mpira, narudi. Sarafu za mdogo wangu nilikuwa nazitia kwenye soksi.

Usidhani nilikunywa. Heri ningekunywa. Zile hela, pamoja na kidogo changu, ndizo nilizonunulia blanketi la mama. Mnakumbuka mama alivyoshukuru kwenye simu, akasema leo hata mwanangu huyu mkubwa amenikumbuka. Kila mwezi ilikuwa ni jina la mdogo wetu, ametuma hiki, ametuma kile, na mimi nasikiliza pembeni. Nilitaka siku moja liwe langu. Aliyelinunua ni yeye, na hakujua. Siku lilipofika alinipigia makofi. Hilo la blanketi sijui kama umwambie mama. Baridi ni kali, na sitaki alivue.

Jambo nililokuwa silijui, dada, ni kwamba kila mwezi unapoanza wanabadilisha rangi ya risiti. Wenye pikipiki wote wa mjini wanalijua hilo. Mwezi wa buluu ulipoanza, mimi nilikuwa sijaanza kazi ya kulipa, alikuwa analipa mwenzetu mmoja kwa wote. Siku ile ya zege ilikuwa tarehe moja. Nilibana karatasi yangu ya buluu mapema, Mama Risiti hajafika, nikaondoka bila kugeuka. Gari lilipopita saa nne, pikipiki zilizolipiwa zilikuwa na karatasi za njano, na yetu ilikuwa na ya buluu.

Mama Risiti alikuja kazini siku tatu baada ya mimi kurudi kutoka kwenye mazishi. Alisimama getini na lile koti lake, akanipa pole. Halafu akaniambia kwamba tangu siku ya pili alikuwa anaijua karatasi yangu, ilikuwa na alama ya kidole cha saruji pembeni. Alinyamaza kwa sababu aliona miguu yetu ilivyo, akasema moyoni hawa ni vibarua tu, waache wapumue. Siku ile alichelewa, na kabla hajaifikia pikipiki yetu msimamizi wake akaja na gari. Aliniambia angeniwahi siku zile akanifokea mbele ya watu, ndugu yangu angekuwepo. Nilimwambia si kosa lake. Alilia pale getini mpaka nyapara akatoka kuja kuangalia nani amefiwa tena.

Pikipiki nikaenda kuiulizia kwenye uwanja wa halmashauri. Karani wa dirishani akasema hawampi mtu pikipiki isiyo yake, aje mwenyewe aliye kwenye kadi. Nikamwambia mwenyewe hawezi kuja. Akasema basi atoe barua. Nikamwambia hawezi kuandika. Akakasirika, akauliza huyo mtu ana nini, hana miguu, hana mikono. Ndipo nikamwambia. Akaniandikia kwenye kikaratasi vitu vya kuleta, na hakunifokea tena siku zote nilizokwenda. Nimekwenda mara nyingi. Pale kila siku inayolala inalipiwa, na nilipokuwa natafuta hati ya kifo na sahihi za ofisini ilikuwa inaendelea kulala. Jumapili zangu zote nimeshusha magari ya vigae. Juzi wakanifungulia mnyororo. Ile karatasi ya buluu ilikuwa bado chini ya mpira, jua limeifanya nyeupe. Niliitoa nikaichana. Sikutaka shemeji aikute.

Yote hayo nimeyafanya, lakini hayajaondoa lile moja linaloninyima usingizi. Siku ya mazishi, baba mkwe wa mdogo wetu alisimama mbele ya watu akasema kijana wetu alikuwa na moyo mzuri ila hakuwa na utulivu, aliacha kazi akakimbilia chombo cha kununuliwa, akaacha watoto. Kampuni nayo imeandika hivyohivyo, kwamba alitoka kwenye mstari bila ruhusa, ndiyo maana shemeji kapewa hela ya jeneza na nauli tu. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele. Shemeji aliniangalia, nadhani alitaka nimtetee mumewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni, na huzuni nilikuwa nayo, lakini siyo iliyoniinamisha.

Hakukimbilia pikipiki. Walikuwa wanamwita kaka yake mwongo, akakimbia kwenda kuwasahihisha. Hilo nataka mkwewe alisikie, na shemeji, na watoto wakikua. Wasomee ukurasa huu wote, wala usiupunguze makali kwa kunionea huruma. Nakujua wewe.

Mpaka rangi atapita tena hapo Jumatano ya wiki ya pili, akirudi kazini. Mkisema nije, hata kama ni kuja kutukanwa, nitapanda gari siku hiyohiyo. Mkisema nisije, nitabaki huku na nitakuwa natuma cha watoto kwa jina la baba yao. Nitakwenda kumpokea kituoni. Asipokuwa na neno lolote kutoka kwenu, nitampokea mzigo wake tu, tutembee.

Karatasi imeisha, na mikono nayo. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya moto, asisubiri liume. Wadogo wabusu kichwani. Wewe usichelewe kulala kwa ajili ya barua hii.

Ni mimi, mdogo wako ninayekufuata.