Posa ya Golikipa

Guangzhou, Jumapili baada ya ibada

Kaka yangu Lusajo,

Shikamoo. Mama mdogo aliniambia kwenye simu kwamba mgongo umekupa nafuu na sasa unaweza kukaa ibada nzima, nikashukuru. Wifi Evaline na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila mvua haituachi na mzigo wetu wa viatu umekwama ghalani. Barua hii nimempa Odilia anayerudi Mbeya, kwa sababu simu yangu Martina anaishika kama yake, na humu kuna mambo sitaki ayasome.

Martina unamjua, binti wa Mzee Abednego wa Tukuyu, ninayeishi naye chumba kimoja na kuchangia naye kontena. Anaposwa. Mposaji ni Mwingereza, na mshenga aliyechaguliwa ni wewe. Kaa kwanza, usishtuke.

Unakumbuka ile mechi ya kombe tuliyotazama na baba kwenye kibanda umiza pale Mwanjelwa, timu ndogo ya Uingereza ikawatoa wakubwa kwa penalti? Yule golikipa mrefu aliyepangua mbili, baba akasimama mbele ya runinga mpaka watu wakamzomea akae? Ndiye huyo. Anaitwa Clive Harnby. Amestaafu, mkewe alishafariki, na sasa anafundisha makipa wadogo kwenye kituo kimoja cha soka hapa.

Na mimi ndiye niliyemtambua. Naomba hilo likukae kichwani. Tulikuwa soko la Zhanxi tunabishania bei ya glovu na laoban, ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, akaja mzungu akavaa moja, akakunja ngumi, akatuambia itachanika siku ya kwanza. Laoban akafoka kwamba anamharibia biashara. Martina alikuwa anahesabu pea. Mimi nilitazama mikono ya yule mzungu, vidole viwili vimepinda, kisha uso, nikamtaja jina lake lote. Alisema tangu aingie China hakuna mtu aliyewahi kumtambua.

Nikajua nimepata, kaka. Tukaanza kunywa naye chai kila Jumapili, na Martina nikamvuta twende wote kwa kuwa niliona haya kwenda peke yangu. Heri ningemwacha alale na mafua yake.

Nilimuuliza habari za mpira wake wote, naye akanieleza. Alianza kijana mdogo, anasugua viatu vya wakubwa. Halafu miaka mingi akawa kipa wa akiba. Alisema kazi ya kipa wa akiba ni kumpigia mipira yule wa kwanza kabla ya mechi, apate joto, adake vizuri, kisha wewe unavaa koti unakwenda kukaa benchi. Alisema kila Jumamosi alimwombea mwenzake asiumie, na nusu ya sala hiyo ilikuwa uongo. Siku ile nilimcheka, leo namwelewa. Mwenzake alipozeeka ndipo akapata namba, akacheza ile mechi yetu ya penalti, na misimu iliyofuata akawa kipenzi cha mji mzima. Mpaka siku ya mwisho ya msimu mmoja mpira mwepesi ukampita katikati ya miguu na timu ikashuka daraja. Watu walewale wakamtemea mate dirishani mwa gari. Akahamia timu nyingine, goti likakataa, akaacha.

Yote hayo niliyatoa kinywani mwake mimi. Na Martina je? Martina alimuuliza kama golikipa naye hulipwa sawa na wanaokimbia. Mwanaume akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Jumapili nyingine akauliza mbona kipa havai jezi ya wenzake, ametengwa? Mtu mzima hajui kona ni nini, na ndiye anayevutiwa kiti!

Siku moja nikamuuliza lile bao, kwa nini hakufunga magoti. Baba naye angeuliza hivyohivyo. Clive akasema nyasi zilikuwa na maji, kisha akamuuliza Martina kikohozi kinaendeleaje. Baadaye Martina akanisimulia, huku ananisuka, kwamba Clive anasema akiwa nami anajiona anarudishiwa ile mechi, ila akiwa na yeye anakunywa chai tu. Nikamwambia anavuta nywele sana, anaumiza.

Mwezi uliopita wakaja wote wawili. Clive akasema hapa hana ndugu, na nje ya Uingereza hajui mtu anayeijua kazi yake kuliko mimi, basi nimwandikie kaka yangu, kaka apeleke posa na kumweleza Mzee mposaji ni mtu wa namna gani. Nikasema kwa furaha kabisa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo posa itakaposimama au kuanguka. Baada ya lile bao magazeti ya kwao yaliandika kwamba alihongwa. Martina halijui hilo. Mzee Abednego ni yule aliyemfukuza mchumba wa kwanza kwa fununu tu ya kula fedha za kikundi. Neno rushwa likitamkwa sebuleni kwake, hakuna posa tena. Nawe huwezi kulificha, wajukuu wake wana simu, watalikuta.

Kaka, mimi nampenda yule mtu. Nampenda tangu Zhanxi, na hakuna anayejua ila wewe. Bahasha hii ukiona imegundishwa mara mbili, sababu ni kwamba mara ya kwanza niliishia hapo kwenye rushwa, nikafunga, nikaenda kuosha vyombo. Moyo wangu ulikuwa mwepesi sana, nikaogopa wepesi huo. Nikaifungua tena.

Basi iliyobaki ni hii. Walimchunguza, simu zake, benki yake, wachezaji wenzake, wakakuta hana kosa, na chama chao cha mpira kikatangaza hivyo. Magazeti yaliliandika hilo kwa herufi ndogo. Wewe liseme kwa sauti kubwa. Na Mzee akiuliza kama ni mtu mwema, mwambie dada yako amemchunguza kuliko chama, na alitamani mno kukuta doa.

Nisalimie wifi na watoto, na pale kanisani wote wanaoniulizia. Wakikubali, nipigie wakati wowote. Wakikataa, mpigie Martina kwanza, mimi uniache mpaka kesho yake. Tunalala chumba kimoja, na sitaki auone uso wangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kissa