Mtani wa Mzee Walter

Jumamosi, Machi. Fridley, ughaibuni.

Theluji inayeyuka, nyuma ya nyumba ni tope tupu, na jua limetoka kwa kujivuta. Moyo wangu umetulia. Wiki nzima haukuwa hivi.

Jirani yetu, Mzee Walter, anakaribia kutimiza karne. Ujanani, vita vikuu vikiwa ndiyo kwanza vimeisha, alicheza fainali ya ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu wa vyuo. Dakika ya mwisho akapewa mtupo wa adhabu, hakuna wa kumzuia, akakosa. Timu yake ikafungwa kwa pointi moja.

Harold, wa timu iliyoshinda, alimpigia simu kila Machi mashindano hayo yanapoanza, kumcheka tu. Miaka yote hiyo, jamani! Urafiki wao ulikuwa wa kusimangana.

Mwezi uliopita Harold alifariki. Katika timu zote mbili amebaki Walter peke yake. Tangu hapo chakula anakionja tu, na televisheni hataki hata iwashwe. Naogopa atamfuata mwenzake.

Mimi nikafanya nilivyolelewa. Nikapika pilau, nikajifunga kitenge, nikaketi sebuleni kwake, pole juu ya pole. Akashukuru kwa adabu, akageukia dirishani. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea.

Mimi Msukuma, mume wangu Mzaramo, watani wa jadi. Baba yangu alipofariki, shemeji zangu walijilaza kaburini wakidai marehemu alikuwa mchoyo, hawampishi ng'o. Mama alicheka siku ile. Sikutegemea kabisa.

"Mke wangu," mume wangu akaniambia jana, "mtu kafiwa na mtani, wewe unampelekea pilau?"

Basi leo mchana nikaenda. Kwetu mzee huamkiwa, hachokozwi. Nikamwambia mechi za vyuo zimeanza, nimekuja tutazame, huenda leo tukampata mwenye mikono mibovu kuliko yake.

Akageukia tena dirishani.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimemtusi mfiwa, tena nyumbani kwake!

Kisha akasema, taratibu, kwamba mwanamke anayeegesha gari kwenye nyasi za watu asimfundishe shabaha. Nikamjibu nyasi zenyewe zilikuwa zimekufa kabla sijafika. Akacheka mpaka akakohoa, na kicheko kikageuka kilio. Akamtaja Harold kwa jina, mara ya kwanza tangu msiba. Nikamshika mkono. Pole sikusema.

Tulitazama mechi mbili. Alikula sahani nzima ya wali niliompelekea.

Akinisindikiza mlangoni akaniambia Harold alikuwa ananizidi mbali kwa kejeli, itabidi nifanye mazoezi.

Nitafanya, Mzee. Kesho kuna mechi tena, na mimi huyu hapa nakuna kichwa, natafuta tusi la maana.