Kasi Mara Sita

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mara sita! Nimepima na kupima tena. Seva ile ile, rekodi zile zile za hospitali — kuzisimba, yaani kuzifunga kwa siri asizisome mgeni, kulichukua saa tatu, sasa nusu saa.

Dawa yenyewe ndogo. Kila fungu la data lazima lipewe namba isiyorudiwa kabla ya kufungwa. Viini vinane vya prosesa vilikuwa vikipanga foleni kwenye kaunta moja, kihesabio kinachotoa namba. Nimekipa kila kiini kaunta yake. Foleni kwisha!

Nilitamani kumwambia mtu. Tangu mama afariki mwezi wa tatu, nyumba hii haina wa kuambiwa kitu. Nimekaanga mayai, nikala nimesimama.

Jumatano, 6 Novemba

Bosi wetu, Zornitsa, kaonyesha matokeo mbele ya wote. Makofi! Plamen, ambaye miaka minne hajanisalimu mpaka nimwanze, akadakia: kumbe mzee una moto hivi, na sisi tulidhani umeshazimika! Wakanivuta tukale pamoja. Nilicheka mpaka nikaona haya.

Ijumaa saa moja jioni hospitali inatuma nakala zake kwenye ghala la nje, zikiwa zimesimbwa kwa programu yangu. Zikishatoka, hazirudi.

Alhamisi, 7 Novemba

Kesho sikukuu ya Malaika Mkuu, ambaye nimepewa jina lake: siku ya jina langu. Kwetu siku ya jina hualiki mtu; anayekumbuka huja mwenyewe. Mwaka jana tulikula wawili, mimi na mama. Nimekunja majani ya kabichi kwa nyama na mchele, sufuria nzima. Hata viti nimeazima kwa jirani. Mtu mzima hovyo.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa kumi na moja. Nilifungua programu kupoteza wakati tu. Mungu wangu! Kaunta nane — na zote zinaanzia sifuri. Na ufunguo wa siri ni mmoja. Namba moja imetumika mara nane! Mjuzi akiyalinganisha mafungu hayo atasoma magonjwa ya watu kama gazeti. Majaribio hayakuona kitu, maana data hufunguka vizuri tu. Kosa la mwanafunzi, na nimelifanya mimi.

Nilishika simu nimpigie Zornitsa. Kengele ya mlango ikalia.

Ni yeye. Na Plamen, na wengine watatu, maua na divai mikononi. Ulidhani tumekusahau, mzee? Wakanibusu mashavuni. Nikapakua. Nikajiambia nikimaliza kupakua nitawaambia. Kisha wakasifu chakula, wakaniuliza habari za marehemu mama.

Niko jikoni, eti nakata mkate. Saa moja kasoro dakika saba. Zornitsa anaweza kuzuia nakala zisitumwe kwa simu moja. Halafu watavaa makoti, waende zao.

Plamen anaita: mzee, njoo bwana, tumesimama na glasi, tunakungoja wewe useme neno!

Naja, nimemwambia.

Kasoro tatu. Mkate wote nimeshaukata, na bado naandika.