Gunia Lililotoka Kabla ya Moto

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kimekuacha upumue. Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua, na mimi nimekosa raha kwa jambo nitakalokueleza.

Unajua bado naandika hadithi. Watu huniuliza nazitoa wapi, nami hujibu kwa maringo kwamba nazitoa kichwani. Siku hizi jibu hilo nalitilia shaka.

Mwezi uliopita nilianza hadithi ya seremala anayeichoma karakana yake mwenyewe. Ya marehemu Baba nayo iliungua, lakini sote tulijua ni kwa lile jiko la kuyeyushia gundi ulilosahau kulizima, ukiwa na miaka kumi na sita. Seremala wangu ni mtu mwingine kabisa, nikajiambia. Nilimpa hata kigugumizi.

Kila alasiri nilimsomea Mama huku akikata mboga. Nilipofika mahali seremala anapotoa randa na misumeno ndani ya gunia, muda mfupi kabla ya moto, kisu cha Mama kilisimama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alikwambia habari za gunia?"

Nikasema nimebuni. Akaendelea kukata mboga.

Tangu hapo nikaanza kunusa kitu. Daftari nililoliacha kitandani nililikuta mezani, na ukurasa wa gunia haumo. Mama anasema hasomi bila miwani, na miwani eti imepotea tangu mwaka jana. Siku mbili baadaye Mjomba, ambaye kitabu kwake ni cha kuegeshea mlango, akaja kunishauri niandike habari za mapenzi. Nikamshuku yeye, nikamshuku Mama, nikakushuku hata wewe: mbona hukuwahi kujitetea?

Mwisho nikaishuku akili yangu. Maana nilipofumba macho niliona gunia lina kiraka cha buluu, nami nina miaka sita, nimechuchumaa nyuma ya pipa la maji. Kiraka hicho sikukiandika popote.

Jana nilimwuliza Mama waziwazi kama gunia lilikuwa na kiraka cha buluu. Aliinuka akaingia chumbani kwake, nami nikamfuata. Kisha akautoa ukurasa wangu chini ya godoro, umekunjwa mara nne.

"Mikono ya baba yenu ilikuwa inatetemeka," akasema. "Hakuweza tena kunyoosha ubao. Aliona heri watu waseme ameunguliwa kuliko waseme hawezi kazi. Jiko kaka yako alilizima. Nililigusa mwenyewe kabla ya moto, limepoa."

Zana zilifichwa kwa Mjomba. Baba aliwaapisha Mama na Mjomba wasiseme, nao wakakuacha uondoke na lawama isiyo yako, miaka ishirini na miwili sasa. Nilikasirika hata chakula kikanishinda. Mama hakujitetea. Aliniomba tu nisikuandikie, anataka maneno hayo uyasikie kinywani mwake, umeketi mbele yake. Nimemwasi. Hata siku moja zaidi niliona ni nyingi.

Hadithi nimeiweka kando mpaka uniruhusu. Na kila ninachobuni sasa nakikagua kama mtu anayenunua mayai, nikijiuliza ni nani aliyekiona kwanza.

Nisalimie wifi, na watoto mmoja mmoja. Mama anakusalimu, hajui kuwa barua imeondoka. Mjomba hajatuma salamu, nami sikumwomba.

Mungu akupe nafasi kifuani, kwa hewa na kwa habari hii. Ukijibu, niambie jambo moja tu: miaka yote hiyo ulikumbuka kwamba ulilizima, au ulituamini sisi?

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila shaka yoyote,

Kasuku