Mume wangu anagawa deki, na sauti ya mama yangu inaondoka nayo

Mpendwa Shangazi Mageni,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, kwa sababu nimefanya jambo ambalo nikimwambia mtu yeyote hapa Maganzo litafika sokoni kabla mimi sijafika kwangu, na wewe hunijui sura, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku na Msukuma anayeitwa Bujiku, mnunuzi wa almasi ndogondogo, na kwa miaka tisa tumeishi vizuri, hanipigi, hanywi, watoto wanasoma, ugomvi wetu umeletwa na deki ya video. Tulikuwa na deki ya Beta, ile ya mikanda midogo, na mwezi uliopita Bujiku akarudi kutoka Mwanza na deki mpya ya VHS, akaiweka juu ya kabati anafurahi mpaka anaipangusa kwa shati lake, nami nikaenda kuchukua mkanda wa mama yangu tuijaribie, nikausukuma haukuingia, nikaugeuza haukuingia, Bujiku akacheka akasema mama Limi, hiyo mashine haili mikanda ya zamani, na ile deki ya zamani nimeshamwahidi Valerian. Huyu Valerian ni rafiki yake anayewaonyesha wachimbaji video kule Bugarama, na Bujiku ameahidi kumpa na mikanda yetu yote kumi na minne, maana Valerian anataka kurekodi filamu zake juu yake.

Shangazi, katika hiyo kumi na minne umo mkanda wa mama. Alikuja mwaka 1989 nilipomzaa Limi, akanilea mpaka arobaini, na siku ya arobaini yenyewe Bwana Lalji mwenye duka la picha Shinyanga mjini akaja na kamera. Mama anaonekana anamwogesha mtoto, anaimba, ananigombeza kwa kufunga khanga vibaya, na mwisho anaigeukia kamera anasema, "Na huyu mkwe wangu anayenikimbia kila nikitoka uani, mwambieni namwona, na heshima yake nimeipokea." Mama alifariki mwaka 1992, simu ya maandishi ikachelewa, nikafika Tanga kaburi limeshakauka. Picha yake nyingine sina. Sauti yake haipo mahali pengine popote duniani.

Utauliza kwa nini sikumwambia mume wangu. Shangazi, Bujiku hampendi mama yangu. Siku zote arobaini hakukaa naye hata mara moja kula, kwetu mkwe ni mtoto wa nyumbani, lakini yeye mama akitokea mlango huu anatokea ule, na ndiyo maana mama akamsema kwa kejeli kwenye mkanda, na mpaka leo nikiuweka ule mkanda Bujiku ananyanyuka anakwenda kukaa nje na kiti chake, hajawahi kuuangalia hata dakika moja. Mwaka juzi nilimuuliza, "Mama yangu alikukosea nini?" akanijibu, "Mambo ya mayu siyo ya kuongea," akavaa kandambili akaondoka. Mayu ni mama kwa Kisukuma, hilo nalijua, lakini hata jina lake hajawahi kulitaja. Nikaapa sitamwomba tena kitu chochote kwa ajili ya mama.

Basi nikafanya ujinga. Alipokwenda machimboni nikafungua deki ya zamani kwa kisu cha jikoni nikatoa raba inayozungusha mkanda, nikaificha kwenye kopo la hiliki, nikidhani deki ikifa Valerian ataikataa. Bujiku akaipeleka kwa fundi Onesmo, Onesmo akasema hapa raba haimo, Bujiku akasema ilikuwamo, umeiiba wewe, wakazozana mbele ya watu, na sasa watu wanakwenda kuchukua redio zao kwa Onesmo hata hazijatengenezwa. Mke wake tunateka maji pamoja. Valerian amesema atakuja mwisho wa mwezi aichukue hivyohivyo, raba atatafuta mwenyewe. Halafu yupo kijana mmoja pale mnadani amenishauri nimpelekee mkanda wa mama aufungue, ahamishie utepe kwenye ganda la mkanda wa VHS, anasema upana ni uleule. Nimeshikwa huku na huku. Nikisema ukweli nitaachika, nikinyamaza mama anaondoka na Onesmo anaharibikiwa. Nifanye nini?

Mama Limi, Maganzo

*

Mama Limi,

Marahaba. Barua yako nimeipandisha juu ya barua za watu walioandika kabla yako, wanisamehe, wao wana matatizo ya mapenzi na mapenzi yanaweza kungoja wiki moja.

Kwanza, leo hii, kabla hujasonga ugali, toa hiyo raba kwenye kopo la hiliki. Unateka maji na mke wa Onesmo, unamtazama usoni, na mumewe anaitwa mwizi kwa kitu kilichomo jikoni kwako! Hilo limeniudhi na sitaki kulipaka sukari. Mwambie Bujiku kwa maneno matatu: raba niliitoa mimi. Kisha mwende wote wawili kwa Onesmo, mchana, wateja wakiwapo, Bujiku aombe radhi palepale alipomtukana, na wewe uombe radhi kwa sauti ya kusikika. Utaona aibu. Vumilia, Onesmo ameivumilia aibu yako kwa majuma.

Unaogopa kuachika? Kwa raba? Mama Limi, umekaa Usukumani miaka tisa na hujamjua mumeo, na hapo nakulaumu wewe kidogo na yeye zaidi kwa kutofungua mdomo. Mimi ni mtoto wa Mhunze, hukuhuku Usukumani. Baba yangu akimwona bibi mzaa mama anakuja njiani, alikuwa akiingia kwenye shamba la mtama mpaka bibi apite, na mtama ukiwa bado mfupi alichuchumaa. Alikuwa mwanamume mnene, tulicheka mpaka tukachapwa. Huku kwetu, kwa watu walioshika mila, mwanamume hakai na mama mkwe, hali naye, hamkodolei macho, wala jina lake halichezewi mdomoni. Hiyo ndiyo heshima kubwa aliyo nayo mkwe, na akikaa naye mezani kama mnavyokaa kwenu Tanga, wazee watauliza kama ana akili timamu.

Kwa hiyo Bujiku hakumchukia mama yako. Anatoka nje mkanda ukiwekwa kwa sababu mkwe wake ameingia sebuleni, na kwake yeye hata kioo cha televisheni hakibadilishi jambo. Mikanda kumi na mitatu anampa Valerian, na huo wa kumi na nne anampa pia, kwa kuwa hajui umebeba nini. Angejuaje? Hajawahi kuuona, na wewe uliapa hutasema.

Na yale maneno ya mama yako, uliyaita kejeli. Yasome tena ulivyoyaandika kwa mkono wako: namwona, na heshima yake nimeipokea. Kejeli iko wapi hapo? Mama yako alikaa Maganzo siku arobaini tu, mgeni, lugha hajui, akamwelewa mkwewe wa Kisukuma kuliko wewe uliyelala naye kitanda kimoja. Kumbe alikuwa anamshukuru.

Sasa kazi. Yule kijana wa mnadani mkimbie. Upana wa utepe ni kweli unalingana, lakini deki hizi mbili haziandiki picha kwa namna moja, utapata mvua ya chengachenga na utepe wenyewe utakuwa umeshikwashikwa kwa vidole vya mafuta. Anayekufaa ni huyohuyo Onesmo. Airudishie deki ya zamani raba yake, asafishe kichwa cha deki kinachosoma utepe, kisha aijaribu kwa mkanda mwingine usio na thamani, siyo wa mama. Mkanda wa mama uzungushwe mpaka mwisho na kurudishwa taratibu kabla ya kuchezwa, umekaa sana. Nunueni mkanda mpya wa VHS, mpya kweli, usiwe uliokwisha kurekodiwa. Deki mbili zikae bega kwa bega, waya mmoja wa picha na mmoja wa sauti utoke kwenye matundu ya kutolea ya ile ya zamani uingie kwenye matundu ya kuingizia ya ile mpya, Onesmo anayajua. Ya zamani icheze, mpya irekodi. Kama mnatumia jenereta, lijazeni tangi, maana nimesikia ya mtu aliyeishiwa petroli bibi harusi akiwa mlangoni. Ukimaliza uangalie wote, mwanzo hadi mwisho, ndipo uvunje kile kipande kidogo cha plastiki nyuma ya mkanda mpya, ili mtu asirekodi mpira juu ya mama yako.

Deki iende Bugarama, ahadi ni ahadi. Mikanda kumi na mitatu inamtosha Valerian. Wa kumi na nne unabaki ndani ya nyumba hata kama hakuna deki ya kuuchezea.

Limebaki moja. Siku mtakayorekodi, Bujiku atanyanyuka na kiti chake. Usimzuie, na usimwite ndani, mila hiyo ni yake na mama yako aliipokea. Wewe fungua dirisha la uani, na mama akiigeukia kamera, ongeza sauti. Ana ujumbe wake tangu mwaka themanini na tisa, na wewe ndiye uliyeambiwa umfikishie.

Shangazi Mageni