Panga la Nne la Ndege ya Magesa

Jumatatu, 3 Machi
Mota ya tatu imeingia. Ni ile ndogo inayotetemeshaga simu, nimeing'oa kwenye kitochi kibovu. Nimetoa kile chuma kizito cha kichwani mwake, nikachomeka panga, kama la feni. Linazunguka vizuri. Bado moja.
Ndege ni ya plastiki, ya kaka yangu Magesa. Alifunga mota mbili akaenda machimboni. Mwaka wa pili huu simu yake haipatikani. Akirudi aikute inanguruma. Atarudi. Waliochoka kusubiri shauri yao.
Mtoto analia tu. Wiki ya tatu tangu nimzae, na jina hana. Tunamsubiri mama mkwe.

Jumanne, 4 Machi
Kliniki. Hana homa, tumbo zuri, masikio mazuri. Lakini hanyonyi, na uzito unashuka. Naogopa. Mume wangu amempigia mama yake Butiama.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe amefika. Hata chai hakunywa. Amempakata mtoto, akaanza kuita marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Ndivyo wanavyofanyaga: mtoto akinyamaza, basi marehemu huyo ndiye anayetaka jina lake. Aliye hai haitwi. Mimi fundi simu, mambo haya siyaamini sana. Nilikaa mezani kwangu najaribu mota.
Majina kumi na moja. Kilio kile kile.
Akahamia majina ya ukoo wetu sisi. "Magesa," akaita.
Mtoto akanyamaza. Akanyonya hadi akasinzia.
Nilimuuliza mama mkwe nani kamwambia Magesa amekufa. "Si wewe, mwanangu? Kila siku unasema Magesa alikuwa hivi, Magesa alipendaga vile."
Nimemchukia. Mimi mwenyewe nimejichukia zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Jina hilo nimelikataa. Mtoto kaanza tena kulia, maziwa hataki. Nimemwambia mume wangu ni mngurumo wa mota ndio ulimtuliza juzi. Akasema haya. Hakuniangalia.

Jumapili, 9 Machi
Mume wangu na mama yake wameenda misa. Nimebaki na mtoto.
Nimefunga mota ya nne. Nikawasha zote. Ndege inatetemeka juu ya meza, karatasi zinapeperuka. Mtoto analia mpaka anakauka sauti. Nikazima. Betri nikazitoa, nikazipeleka jikoni. Nikamwita kwa jina la mume wangu. Langu. La jirani. Analia tu.
Nikamgeuzia mgongo, nikasema lile lingine. Polepole, kama namwita mtu aliyelala.
Kimya.
Nilipogeuka, mapanga mawili yalikuwa yanazunguka, taratibu. Ni yale mawili aliyoyafunga kaka. Ya kwangu yametulia. Dirisha limefungwa. Nilisimama pale mpaka yakasimama yenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Kliniki tena. Uzito umepanda. Nesi aliuliza jina la kuandika kwenye kadi. Mume wangu akaniachia mimi. Nikalitaja.
Tumerudi nyumbani Kigera saa sita. Nimefua nepi, nimepika ugali. Halafu nimempigia baba yangu, kule Bunda. Nikamwambia tumwekee Magesa msiba.
Hakuuliza nimejuaje. Aliuliza kama mtoto ananyonya. Nikamwambia ananyonya.